Seva Inapokwama: Linux na Haki ya Kujua Sababu

Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 2012, muda mfupi kabla ya kutimia saa tisa kwa saa za Afrika Mashariki, saa rasmi za ulimwengu ziliongezewa sekunde moja ili zisiachane na mzunguko wa dunia, ambao mwendo wake hubadilika kidogo kidogo. Sekunde hiyo ilitosha kuzilemea seva nyingi zilizoendeshwa kwa mfumo endeshi wa Linux. Tovuti ya Reddit ilikwama kwa muda, na baadhi ya huduma za Mozilla ziliyumba.

Mtetezi wa Linux angeweza kulipita tukio hilo kimya kimya. Makala hii inaanza nalo kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linalodhihirisha ubora wa mfumo huu kuliko sifa za kawaida za wepesi na bei nafuu. Linux hukwama kama mifumo mingine. Lakini inapokwama, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuifuatilia hitilafu hadi kwenye mstari wa msimbo ulioizaa, bila kumwomba mtu ruhusa.

Sekunde moja na madhara yake

Kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani inayosimamia mashine, hutunza hesabu ya muda kwa njia zaidi ya moja. Kuna saa ya kawaida, na kuna vipima-muda vinavyoziamsha programu zilizoomba kupumzika. Sekunde ya nyongeza ilipoingia, saa ya kawaida ilirudishwa nyuma, lakini vipima-muda havikupewa taarifa. Vikabaki mbele kwa sekunde moja. Programu iliyoomba kulala nusu sekunde iliamshwa papo hapo, ikaomba tena, ikaamshwa tena. Prosesa zikahema kwa kazi isiyo na tija. Programu za Java na hifadhidata za MySQL ndizo zilizoumia zaidi. Tiba ya haraka ilikuwa kuipangia mashine saa upya kwa amri moja, au kuizima na kuiwasha.

Ufafanuzi huo ulipatikana hadharani. Wasimamizi wa seva walilinganisha dalili, watunzaji wa kiini wakasoma msimbo, na marekebisho yakawekwa mahali ambapo kila mtu aliweza kuyakagua.

Leseni kama msingi

Uwazi huu umejengwa juu ya sheria. Mtayarishaji programu Richard Stallman alitangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, na leseni ya GPL ikatolewa mwaka 1989. Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini chake Agosti 1991, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. GPL inampa mtumiaji haki ya kuendesha, kusoma, kubadili na kusambaza programu. Na anayesambaza toleo alilolibadili analazimika kutoa pia msimbo wake. Ndiyo maana kampuni zinazoshindana sokoni hutengeneza kiini kimoja, na tiba aliyoipata mmoja huwafikia wote.

Pingamizi

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na watetezi wa programu huria wana hoja kama hiyo: macho yakiwa mengi, kosa halijifichi. Heartbleed inatutaka tuwe waangalifu. Kosa hilo la OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi, lilikaa katika msimbo ulio wazi kwa takriban miaka miwili kabla ya kutangazwa Aprili 2014. Watumiaji walikuwa wengi, wasomaji wachache.

Tukio la Machi 2024 linaongeza uzito pande zote mbili. Mtu aliyejijengea uaminifu kwa muda mrefu alipandikiza mlango wa siri katika programu ya kubana data iitwayo xz. Mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, programu ya kuingilia mashine kwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akaudadisi ucheleweshaji huo mpaka akaufikia mlango wenyewe. Uwazi ulimpa nafasi mwenye nia mbaya; uwazi huohuo ulimwezesha mtu asiye na mamlaka yoyote juu ya xz kuifichua hila hiyo. Msimbo ulio wazi haujisomi. Unahitaji msomaji.

Maana yake kwa taasisi zetu

Mwaka 2011 Kenya ilianza kukusanya takwimu za afya za nchi nzima kwa DHIS2, programu huria iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Tanzania nayo inaitumia. Seva ya Linux inayoendesha programu ya namna hiyo inapokwama, sababu mara nyingi ni za kawaida mno: diski imejaa kumbukumbu za matukio, au memori imepungua hadi kiini kikalazimika kuisitisha programu moja ili mashine isizimike yote. Katika hali hiyo ya pili Linux huandika jina la programu iliyositishwa na saa ilipositishwa. Jibu lipo, linamngoja wa kulisoma.

Kwa hiyo, taasisi inayohamia Linux kwa ajili ya kuepuka ada ya leseni peke yake imechukua nusu ya faida. Fedha iliyookolewa inapaswa kumsomesha msimamizi wa seva, kumpa muda wa kuchunguza, na kumtaka aandike alichokigundua ili atakayemrithi asianze upya. Vyuo vyetu navyo vifundishe kusoma kumbukumbu za matukio kwa bidii ileile vinayofundishia kuandika programu.

Mwananchi anapoambiwa dirishani kwamba mtandao unasumbua, mazungumzo huishia hapo, naye hurudi nyumbani bila huduma. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Linux imetuondolea kisingizio cha kutojua maradhi ya seva zetu; sasa deni ni letu, la kuwaandaa matabibu.