Nyimbo za kiasili: Fumbo linalotaka sikio la mwerevu

MNAMO Machi 1975, mwili wa Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ulipatikana eneo la Ngong. Miongoni mwa waliopaza sauti kuhusu mauaji hayo alikuwamo mwanamuziki. Joseph Kamaru alitunga wimbo wa kumwomboleza marehemu ambao ndani yake mlikuwa na lawama kwa serikali, na usuhuba wake na Rais Jomo Kenyatta ukakatikia hapo.

Kisa hicho chabainisha jambo ambalo wapenzi wa ngoma husahau: katika nyimbo zetu, burudani na ujumbe husafiri katika chombo kimoja. Anayesikia mdundo pekee amepata nusu ya wimbo.

CHIMBUKO

Nyimbo za kiasili ni zile ambazo jamii huzirithi kwa mdomo: za jando, za arusi, za kilimo, za kubembeleza watoto na za matanga. Aghalabu mtunzi wa kwanza hajulikani, na kila mwimbaji ana ruhusa ya kuongeza lake. Ruhusa hiyo ndiyo iliyowazaa watunzi wa kuitetea jamii.

Chukua mfano wa mpiga nyatiti wa Kiluo. Huketi kwenye kigoda kifupi, akacharaza nyuzi nane kwa vidole, huku pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu ikiigonga ala na njuga zikilia. Mgeni husikia mdundo. Mwenyeji husikia pia majina ya watu, sifa zao na makosa yao.

WATUNZI WALIOTHUBUTU

Katika Unguja, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu akiuza, aliitoa taarabu kwenye makasri, ilikokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, akaiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Wimbo wake 'Kijiti' wasimulia mauaji ya mwanamke, na jinsi mahakama ya kikoloni ilivyowaadhibu mashahidi ilhali mshukiwa alitoroka.

Kamaru, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939 na kufariki 2018, alijenga nyimbo zake juu ya methali za Kikuyu. Wimbo wake 'Ndari ya Mwarimu' uliwakemea walimu waliowanyemelea wanafunzi wao wa kike, nao walimu wakakasirika. Naye D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliyevuma nchini Kenya kwa mtindo wa benga hadi kifo chake mwaka 2006, alizivika siasa mavazi ya hadithi. Hata hivyo, alitiwa mbaroni mara kadhaa. Wakubwa nao walikuwa wakifumbua mafumbo.

JUKWAA LA TAMASHA

Leo wengi wetu hukutana na ngoma hizi kwenye matamasha. Tamasha la Muziki la Kenya, linalowakutanisha wanafunzi kila mwaka, lilianza 1927. Sauti za Busara la Zanzibar lilianzishwa 2004, na la Ziwa Turkana, mjini Loiyangalani, mwaka 2008. Matamasha haya yana faida kubwa: huwapa wasanii riziki na huwakutanisha majirani wasiojuana.

Lakini jukwaa lina hila yake. Ngoma iliyokesha kijijini hufupishwa ikawa ya dakika chache. Mtazamaji hushangilia mabega yanayotikisika na mavazi ya manyoya, kisha kikundi kingine huitwa. Maneno hupita kama upepo, na suto lililomlenga mtu mkubwa hugeuka pambo la kumtumbuiza mtu huyo huyo.

Hatari si ya kubuni. Mwaka 2014, Unesco iliiweka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Wachezaji wengi ni wazee, na vijana wanaojifunza ni wachache. Mzee akiondoka bila mrithi, huenda na maana ya maneno hata kama mdundo umehifadhiwa kwenye kanda.

LA KUFANYA

Msomaji anayetaka kuzifurahia nyimbo hizi kwa ukamilifu na atafute mkalimani: bibi, mjomba, au jirani anayeijua lugha. Aulize maswali matatu: Wimbo huu huimbwa lini? Unamsema nani? Methali gani imefichwa ndani yake? Waandalizi wa matamasha nao waweza kumpa mshereheshaji nafasi ya kueleza maana kabla ngoma haijalia.

Dalili za matumaini zipo. Mjukuu wa Kamaru, mwanamuziki ajulikanaye kama KMRU, amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake ili kizazi kipya kizisikie. Kuzisikia ni mwanzo. Kuzielewa ndilo jukumu letu. Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.