Kitufe Kisichoandika Kitu

Hebu bonyeza Ctrl peke yake. Kimya, si ndiyo? Sasa ishikilie, halafu bonyeza C: maneno uliyoyachagua yameshanakiliwa. Umewahi kujiuliza vitufe hivi visivyoandika kitu vilitoka wapi?

Tuanze na mashine ya taipu. Mashine ya kwanza ya Remington, ya mwaka 1874, iliandika herufi kubwa tu. Mwaka 1878 ikaja Remington No. 2 ikiwa na Shift, na jina hilo lilimaanisha kile kile kilichofanyika: kusogeza. Kila nyundo ilibeba herufi mbili, kubwa na ndogo. Ukibonyeza Shift, sehemu iliyoshika karatasi inasogea kidogo, na herufi nyingine ndiyo inayogonga.

Control yenyewe ilikuja na hesabu. Katika ASCII ya mwaka 1963, kila herufi ina namba yake. C ni 67. Ukishikilia Control, unatoa 64, inabaki 3, namba ambayo si herufi tena bali ni amri. G ni 71. Toa 64, unapata 7, na 7 ilipiga kengele kwenye mashine ya upande wa pili. Kumbe ilikuwa kutoa tu!

Kwenye programu za leo zenye madirisha na menyu, mambo ni tofauti. Mfumo endeshi unaiambia programu yako kitufe gani kimebonyezwa, na vipi vimeshikiliwa. Ctrl, Shift na Alt kila kimoja kina biti yake: 1 kimeshikiliwa, 0 kimeachiwa. Hapo ndipo wengi wetu tunateleza. Tunauliza, "Je, Ctrl imeshikiliwa na S imebonyezwa?" Kama ndiyo, hifadhi faili. Lakini Ctrl+Shift+S nayo inapita kwenye swali hilo, maana hatukuuliza kama vitufe vingine vimeachiwa.

Eti ni kosa dogo? Muulize mwandishi wa Kipoland. Herufi yake ś, kwenye kibodi inayotumika sana kwao, anaiandika kwa AltGr na S. Windows nayo huihesabu AltGr kama Ctrl na Alt kwa pamoja. Kwa hiyo programu yako inaona Ctrl, inaona S, inahifadhi faili na kuimeza herufi. Mtu anashindwa kuandika lugha yake kwa sababu ya sharti moja uliloliacha.

Kiswahili chetu hakihitaji AltGr, ndiyo maana kosa hili linaweza kukaa mezani kwetu miaka bila kuonekana. Basi kabla hujampa mtu programu yako, badilisha kibodi iwe ya Kipoland, kisha jaribu kuandika ś. Ni dakika moja tu.