Omobari na Pigo Lisiloonekana

Karne ya 20 ilimkuta omobari, mpasuaji wa vichwa wa Abagusii wa magharibi mwa Kenya, akiwa kazini. Wagonjwa wake wengi walikuwa watu waliopigwa au kuanguka, kidonda kikafunga, maumivu ya kichwa yakagoma kuondoka. Alipasua ngozi, akakwangua fuvu taratibu kwa kisu, akijihadhari asitoboe utando wa ubongo. Nadai kwamba alishatambua jambo kubwa: pigo huumiza ndani hata nje pakipona. Huko Marekani, ni mwaka 1928 ndipo daktari Harrison Martland alipoandika kuhusu mabondia wanaopepesuka kama walevi kwa kupigwa kichwani, ingawa mashabiki walikuwa wameshawaona.

Mtu atasema ule ulikuwa ukatili, na mtikisiko wa ubongo hauponi kwa kukwangua mfupa. Kweli hauponi. Leo mgonjwa hupumzishwa siku moja au mbili, kisha hurejea shughulini kidogo kidogo. Akitapika mfululizo au usingizi ukimzidi, hukimbizwa hospitali. Ila kukosea tiba si kukosea ugonjwa. Omobari aliyaamini malalamiko ya mtu asiye na jeraha bichi. Kocha anayemrudisha uwanjani mchezaji aliyegongwa kichwa, eti kwa kuwa hatoki damu, bado hajafika hapo.