Kauri Zilizotembea hadi Kasongo

Mwenye tangi la samaki wa maji chumvi akitaka kuligeuza liwe mwamba wa matumbawe, kwanza huwaondoa samaki wanaodonoa marijani, huongeza mwanga, hupanga mawe ya baharini pamoja na viumbe vyake, kisha hutafuta konokono wa kula mwani. Mmoja wao ni kauri. Watu wa Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, walimjua zamani sana, ila kwao alifika ganda tupu, nalo lilikuwa fedha.

Kauri akiwa hai hulifunika ganda lake kwa nyama yake laini, ndiyo maana halikwaruziki na mng'ao wake haufifii upesi. Pwani, wanawake na watoto waliwaokota miambani maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, wakawafukia hadi nyama ioze, wakaosha maganda. Aina ya Zanzibar, yenye pete ya manjano mgongoni, ni kubwa na nzito kuliko ile ya Maldivi. Tangu miaka ya 1840 kampuni za Hamburg, Hertz na baadaye O'Swald, zilizipakia merikebuni kwenda Afrika Magharibi, zikazimwaga huko hata thamani yake ikaporomoka.

Njia ya bara ilikuwa ya mabega ya wapagazi: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, kisha Kabambare, hatimaye Kasongo. Ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa mstari ulionyooka, na hakuna mpagazi aliyetembea kwa mstari ulionyooka.

Hata hivyo Wangwana, wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani, hawakuwa wa kwanza kuleta vitu vya bahari huku. Sanga, karibu na Ziwa Kisale, upande wa juu wa Lualaba, mto uleule wa nchi ya Kasongo, wanaakiolojia walioanza kuchimba mwaka 1957 walikuta kauri katika makaburi ya watu walioishi karne nyingi kabla ya kuzaliwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyeitawala Kasongo. Zilipita mikono mingapi hadi kufika pale!

Mvumbuzi Livingstone alikwama Kabambare kwa vidonda vya miguu kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871. Alipofika Nyangwe alilikuta soko kubwa la kando ya Lualaba, lililojaa wanawake wenye samaki, vyungu na vyakula. Na tarehe 15 Julai 1871 akaona watu wa misafara wakilimiminia risasi. Mamia walikufa, wengine kwa kuzama. Mvumbuzi mwenzake Stanley alipopita mwaka 1876 soko lilikuwa limerudi, na malipo yake yalikuwa kauri, ushanga, nyaya za shaba na vitambaa vya rafia. Tusijidanganye: misafara iliyoleta vitu hivyo ilirudi na pembe za ndovu na watumwa.

Kitu kimoja cha mwambani hakikuweza kupanda njia hiyo. Nyumba ya Tippu Tip mjini Zanzibar, ambayo ingalipo, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kasongo, mji wake mkuu wa bara, ulijengwa kwa udongo.

Kauri ilifaa kuwa fedha kwa sababu nyepesi kuelewa: haivunjiki ovyo, huhesabika moja moja, na mbali na bahari ni vigumu kuighushi. Kwa majirani wa kaskazini, Walega, fedha yao wenyewe, musanga, ilikatwa kwenye maganda ya konokono wa nchi kavu. Kauri walizipa cheo kingine: walizishona kwenye kofia za wakuu wa chama chao cha Bwami.

Jeshi la Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, liliteka Nyangwe Machi 1893, na Kasongo Aprili mwaka huohuo. Lakini bunduki haikutosha kuiondoa fedha ya zamani. Kilichofanya kazi hiyo ni kodi ya kichwa, ambayo kuanzia mwaka 1910 Wabelgiji waliidai kwa fedha yao. Mtu angeweza kuwa na kapu zima la kauri, na mtoza kodi asiitazame hata moja; alitaka falanga.