Kumbe "mlo wa asili" wa pabu za Uingereza ulipangwa ofisini!

Wadau, ile picha mnaijua. Mbongo akitua London, hata wiki haijaisha, tayari kaposti: meza ya mbao nzito, painti ya bia ya kahawia, sahani yenye kipande kikubwa cha mkate, jibini, vitunguu vya siki na kijani kidogo pembeni. Kapsheni: "chakula cha asili cha Waingereza, mababu walikula hiki." Like zinamiminika. Hakuna anayeuliza hiyo asili ilianza lini, na nani aliianzisha.

Basi leo tunauliza sisi.

Sahani hiyo wenyewe wanaiita mlo wa mkulima wa plau, yaani yule jamaa aliyekuwa anatembea nyuma ya farasi akilima shamba la mtu. Ukisikia jina tu, kichwani unaona miaka mia tano iliyopita, matope, ukungu na kengele za kanisa. Sasa sikia. Jina hilo lilivyosambaa hadi likawa maarufu hivi, hiyo ni kazi ya watu wa suti.

Ilikuwa hivi. Vita ya pili ya dunia iliiacha Uingereza na chakula cha mgawo. Kila mtu na kitabu chake cha kuponi. Maziwa karibu yote ya kutengenezea jibini yalipelekwa kwenye aina moja tu, Cheddar ya serikali. Nchi yenye jibini za kila mkoa, wote mnakula moja! Mgawo ulikuja kuisha 1954, na wauza jibini wakawa wanataka wateja wao warudi. Ofisi yao ya kuitangaza jibini ikaanza kuipigia debe sahani hii kwenye pabu miaka hiyo hiyo ya 50. Miaka ya 60 bodi ya maziwa nayo ikaingia na matangazo ya nchi nzima. Mwenye pabu alifurahi, maana haihitaji jiko wala mpishi. Kisu na ubao vinatosha.

Sio kwamba mkate, jibini na bia ni uongo. Watu wa mashambani walikula hivyo karne na karne, kwa sababu ni vitu unavifunga kwenye kitambaa unaondoka navyo. Kilichopikwa ofisini ni ile hadithi. Na Waingereza wenyewe wanajua: 1983 ilitoka filamu iliyopewa jina hilo hilo la mlo wa mkulima, inahusu mwandishi wa habari anayeandika upya historia ya nchi yake kwa maslahi yake. Ndani yake kuna mtu wa matangazo anamweleza mwenzake jinsi sahani hiyo ilivyobuniwa. Filamu ikaonekana, ikasifiwa, na watu wakaendelea kuiagiza sahani kama kawaida.

Tukirudi nyuma kabisa, pabu kama tunayoiona kwenye tamthilia haikuwepo. Kulikuwa na nyumba za aina tatu. Gesti za barabarani ambazo msafiri alilala na kula vizuri, nyumba za mvinyo za watu wenye hela, na chini kabisa nyumba za bia za watu wa kawaida. Hizo za mwisho mara nyingi zilikuwa ni sebule ya mama fulani aliyepika pombe ya shayiri mwenyewe, akaning'iniza mti mlangoni kuonyesha kwamba leo ipo. Wenye asili ya Iringa mnaelewa, ni kama mama wa komoni tu. Pombe yenyewe haikuwa na hopsi, ule uchungu uliletwa na watu kutoka ng'ambo ya bahari, upande wa Uholanzi na Ubelgiji ya leo, karne ya 15. Kwa hiyo hata ile bia chungu wanayojivunia ilikuja kama mgeni!

Na hata kuchanganya nyama ya ng'ombe na bia na uzalendo, nako kuna mkono wa mtu. 1751 London ilikuwa imechanganyikiwa na jini (nasema kinywaji, sio yule wa kwenye chupa). Ilikuwa rahisi kuliko chochote na iliua watu. Mchoraji mmoja akatoa picha mbili. Ya kwanza ni mtaa wa jini: mama kalewa mpaka mtoto anamponyoka anaanguka chini, watu wamekonda kama mizimu. Ya pili ni mtaa wa bia: watu wanene, wanacheka, nyama ipo, kazi zinaenda. Mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kubana jini. Ujumbe ulikuwa wazi, jini ni uharibifu, bia ni Uingereza.

Lakini sehemu iliyonishangaza mimi kuliko zote ni vita ya kwanza.

Kabla ya 1914 pabu za London ziliweza kufunguliwa alfajiri saa 11 na kufungwa baada ya saa sita usiku. Vita ikaanza, serikali ikaona watengeneza mabomu wanakuja kazini wamelewa. Wakabana masaa: kidogo mchana, kidogo jioni, katikati milango imefungwa. Bia ikapunguzwa ukali. Halafu 1915 wakaleta kitu ambacho Dar kingezua maandamano: wakapiga marufuku OFA. Kweli kabisa, ukimnunulia mshkaji wako bia ni kosa la jinai. Kila mtu anywe kwa hela yake. Unajua tundu lililoachwa lilikuwa wapi? Chakula. Ukimwalika mtu mlo na ukaulipia, kinywaji cha kushushia mlo huo unaruhusiwa kumlipia.

Huko Carlisle, karibu na mpaka wa Scotland, wakaenda mbali zaidi. Jirani na hapo, Gretna, kulijengwa kiwanda kikubwa cha baruti, maelfu ya wafanyakazi, na jioni wengi wanaishia mjini kunywa. 1916 serikali ikanunua pabu na viwanda vya bia vya eneo lile. Ikazifunga baadhi. Zilizobaki ikawawekea mameneja wa mshahara, ambao hawakupata kamisheni hata senti moja kwa kuuza bia, ila walipata kwa kuuza chakula na soda. Ujanja huo. Wakafungua na sehemu ya kula kwenye jengo lililokuwa posta. Serikali iliendelea kumiliki pabu za huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970! Kwa maoni yangu, ukitaka kujua nani alimwingiza Mwingereza kwenye kula pabu, usimtafute babu mwenye ndevu na plau. Mtafute afisa wa serikali mwenye faili. Ile ya kufunga mchana nayo, waliyosema ni ya vita, ilidumu mpaka 1988.

Baadaye ikaja trafiki. 1967 wakaleta kipimo cha kupuliza, na aliyekuja na gari akawa hawezi tena kukaa anamimina. Pabu za vijijini ambazo watu wanazifikia kwa gari zikabaki na swali: tuuze nini? Chakula kikaonekana zaidi. Mpaka 1991 vijana wawili wakachukua pabu moja ya Farringdon, London, wakaweka jiko wazi na menyu ubaoni, na kuanzia hapo pabu ya kula vizuri ikawa fasheni.

Samaki na chipsi? Hiyo nayo haikuzaliwa pabu. Kukaanga samaki kwa unga kulifika na Wayahudi waliokimbia Hispania na Ureno, na maduka ya kwanza ya kuviuza pamoja yanatajwa miaka ya 1860, London mashariki na kule Lancashire. Ilikuwa ya kufungiwa kwenye gazeti, siki na chumvi juu, unakula ukitembea. Meza na uma vilikuja baadaye.

Kitu kimoja ambacho Mbongo hatashangaa ni joto la bia. Zile za kienyeji zao zinakaa kwenye chumba cha chini, nyuzi kama 12 hivi, na ukinyweshwa painti, ambayo ni mililita 568, unaweza kudhani friji imeharibika. Sisi mhudumu anauliza kabisa, "ya moto au ya baridi?" Wao hawaulizi.

Sasa yule mkulima mwenyewe. Alikuwepo kweli, na hili halimo kwenye tangazo. Kwenye mikoa ya magharibi, kama Somerset, Devon na Herefordshire, matajiri wa mashamba walikuwa wanamlipa sehemu ya mshahara kwa saida, ile pombe ya matofaa. Anafanya kazi kutwa nzima, na sehemu ya jasho lake anaikuta kwenye kibuyu. Mkewe nyumbani hawezi kununua viatu vya watoto kwa saida. Ilibidi itungwe sheria, 1887, ya kukataza malipo ya pombe.

Leo ukiagiza ile sahani, mhudumu akikushauri kinywaji cha kwenda nacho, mara nyingi atakwambia saida. Inalipiwa kivyake.