Majina ya nyumba tunayo, ya vyumba je?

Mwaka juzi nilinunua kipakatalishi hapa Kibwezi. Nilikuwa nimechoka kupeleka miswada yangu kwa watu wengine waipige chapa, na kikundi chetu cha wafuga nyuki kilikuwa kimenitwika kazi ya kuandika kumbukumbu za mikutano na hesabu za asali. Nilitaka mashine ya kazi, si ya sinema. Muuzaji, kijana mcheshi, alinitolea moja nyeusi, nzito kidogo, ya aina inayoundiwa maofisi, iliyokwisha kutumika ng'ambo.

"Mwalimu, hii iko na memori mia tano," aliniambia. "Utaandika mpaka uzeeke, haitajaa."

"Kumbukumbu mia tano?" niliuliza, nikijikaza nionekane mjuzi.

"Eeh, mia tano kamili."

Nilimhesabia shilingi 27,000 nikaenda zangu nyumbani. Wiki haikuisha kabla sijaanza kujuta. Kila nilipofungua mswada, jedwali la hesabu na kivinjari kwa pamoja, mashine iliganda kama mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Nikaipeleka kwa fundi, binti mwenye meza yake karibu na soko. Aliitazama dakika mbili hivi, akacheka.

"Mwalimu, hiyo mia tano ni diski. RAM iko nne tu."

Kinachouma ni kwamba muuzaji hakusema uongo. Mimi nami sikuuliza swali la kipumbavu. Tulikuwa na neno moja la kutajia vitu viwili. Diski ni kabati: humo hukaa kila ulichokiweka, umeme uwepo usiwepo. RAM ni meza: juu yake hutandazwa kile unachokifanyia kazi sasa hivi, na ukizima mashine meza hufagiliwa yote. Mimi nilikuwa nimenunua kabati la gigabaiti 500 lenye meza ya gigabaiti 4. Kwa Kiswahili cha mtaani vyote viwili ni "memori", na kwa Kiswahili chetu cha vitabuni vyote viwili aghalabu huitwa "kumbukumbu". Neno hilohilo ndilo ninaloandika juu ya daftari la mikutano ya kikundi!

Msomaji mpenzi, tusikimbilie kusema kwamba lugha yetu haikuumbiwa mitambo. Historia ya mji huu yenyewe inakana hayo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899 ilipitia hapa Kibwezi. Ulikuwa mtambo mgeni kuliko kipakatalishi chochote. Je, Waswahili waliuitaje? Jina la kitu kizima walilipata upesi: gari, neno lililotoka Bara Hindi, wakaliongezea moshi. Lakini hawakukomea hapo. Waliingia ndani ya mtambo na kutaja kiungo kimoja kimoja. Mengine walikopa kwa Waingereza: reli, injini, stesheni, breki. Mengine waliyachukua nyumbani kwao. Behewa, ambalo kamusi za zamani zinalieleza kuwa ua wa ndani wa nyumba ya mawe, likapanda reli na kuwa chumba cha abiria. Taruma, ubao wa kuimarisha chombo cha baharini, likashuka nchi kavu na kulazwa chini ya vyuma vya reli. Usukani nao ulitoka jahazini ukaingia kwenye motokaa.

Waliofanya hivyo walikuwa watu wa kazi. Mtu anayebeba mataruma juani hawezi kuyaita "vile vitu". Akikosea jina, mwenzake ataleta kitu kingine, au chuma kitamwangukia mguuni. Jina la kiungo huzaliwa pale ambapo kukosea kuna gharama.

Sasa tuitazame kompyuta. Jina la nyumba nzima tunalo, tena matatu: kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Tarakilishi huelezwa kuwa imeundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili. Tumebishana miaka na mikaka kuhusu lipi ni bora. Tanzania, yenye Baraza la Kiswahili tangu mwaka wa 1967, imeshikilia kompyuta. Huku Kenya kazi ya kubuni iliachiwa zaidi magazeti, redio, wachapishaji na wataalamu wenye ari binafsi, mfano wa marehemu Sheikh Ahmed Nabhany aliyetupa runinga. Ndiyo maana majirani wanasema kompyuta mpakato na sisi tunasema kipakatalishi. Yote mawili ni mazuri, kwa kuwa yote yametokana na kupakata, kitendo cha mama kumweka mtoto mapajani. Hata panya wa mezani ana majina: huko ni kipanya, huku wengine humwita puku.

Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini inayozungumza Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata na Windows ya Kiswahili. Hapo ndipo tulipojaliwa msamiati mwingi wa skrini: faili, hariri, hifadhi, bandika. Lakini angalia kilichotokea. Programu hutafsiriwa kwa sababu ina maneno ndani yake, na mtafsiri hana budi kuyapatia visawe. Chuma hakina maneno ya kutafsiriwa. Hakuna aliyelazimika kukaa chini aseme tundu la RAM tuliiteje. Kwa hivyo kile tunachokigusa kwa vidole tukakibakiza gizani, na mnunuzi wa Kibwezi akawa anachagua mashine kama mtu anayechagua mbuzi usiku.

Nirudi kwa yule binti. Alifungua skrubu za chini, akanionyesha. "Bahati yako, mwalimu. Hizi za ofisi zinafunguka. Kuna zile nyembamba, RAM imechomelewa kwenye bodi, ukikosea kununua umekosea. Yako iko na chumba kimoja hakina mpangaji."

Chumba hakina mpangaji! Nilitamani kuliandika papo hapo. Akanifafanulia kwamba mpangaji hawezi kuwa yeyote tu. RAM ya kizazi cha tatu haiingii kwenye tundu la kizazi cha nne, kwa hiyo niseme kizazi nikiagiza Nairobi, nisitaje ukubwa peke yake. Akanipachikia ya gigabaiti 8, meza yangu ikawa 12. Miezi kadhaa baadaye, mavuno ya asali yalipouzwa, tuliitoa ile diski ya kisahani kinachozunguka, tukaweka SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Sasa mashine huamka kabla sijakoroga chai.

Mengine nimejifunza kwa kuishi nayo. Kioo kisichong'aa ni neema kwa anayeandikia barazani katika jua la Kibwezi. Betri inayobadilishika ni akiba ya siku umeme ukipotea. Kipepeo chake kinahitaji kupulizwa vumbi letu jekundu kila baada ya miezi michache, la sivyo mashine huchemka. Sifa hizi zote hazikutajwa siku ya kununua, kwa kuwa mimi na muuzaji hatukuwa na maneno ya kuzungumzia.

Pendekezo langu ni dogo. Tuiachie diski neno hifadhi, na kumbukumbu ibaki ya RAM pekee. Kisha wanaounda istilahi watoke vyuoni, wakae kwenye benchi la fundi asubuhi moja. Mababu wa reli hawakungoja kongamano. Kila siku magari-moshi yanapita hapa yakiwa na mabehewa yake, na hakuna abiria anayeuliza neno hilo limetoka wapi. Siku kijana wa dukani atakaponiambia "hifadhi mia tano, kumbukumbu nne, na chumba kimoja hakina mpangaji", nitajua ninacholipia.