Mzinga wa Liuli

Kila mwaka tunapofika kwenye somo la Vita Kuu ya Kwanza, wanafunzi wangu wa theolojia hudhani vita hiyo ilianzia na kuishia Ulaya. Huwaambia kwamba mji wetu wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, uliguswa mapema sana, na habari ilianzia Ziwa Nyasa.

Uingereza iliitangazia Ujerumani vita tarehe 4 Agosti 1914. Tarehe 13, meli ya Waingereza, Guendolen, ikiongozwa na Kapteni Rhoades, iliingia Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli hiyo ililetwa ziwani kwa michango ya kupambana na biashara ya watumwa. Guendolen ikaipiga mzinga. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, na habari za vita hazikuwa zimemfikia. Alikwenda kwa mtumbwi akiwa amekasirika, akamwuliza mwenzake kama amelewa. Akajibiwa kwamba nchi zao ziko vitani, naye akawekwa chini ya ulinzi.

Wengi huisimulia habari hii kama kichekesho. Mimi nashindwa kucheka nikikumbuka kilichofuata huku kwetu. Tarehe 9 Septemba kikosi kilichotoka Neu Langenburg kiliushambulia mji wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, kikarudishwa nyuma. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Na Songwe inapita kati ya Wanyakyusa na Wangonde, watu walio ndugu kwa asili na kwa lugha. Berndt alipata walau nafasi ya kumwuliza rafiki yake sababu. Mpagazi wa Rungwe angemwuliza nani?

Mwaka 1916 Waingereza waliingia Tukuyu. Wamisionari wa Kijerumani, Wamoraviani na Walutheri, ambao makanisa yao yalianza kazi hapa mwaka 1891, wakaondolewa. Walimu na wazee wenyeji wakabaki na kundi, wakafundisha na kusali nalo. Kisha Wakristo wa Scotland kutoka Livingstonia, upande wa pili wa mpaka, wakaja kuzisaidia sharika ambazo adui wa taifa lao alikuwa amezipanda. Walizitunza mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi miaka ya 1920.

Ndugu msomaji, Tanzania na Malawi bado hazijakubaliana juu ya mpaka wa ziwa lile lile. Tunawaombea viongozi wetu, na ni vema. Lakini tusiishie hapo. Tualikane na sharika za ng'ambo ya Songwe, tushiriki Meza ya Bwana pamoja, tujuane kwa majina, sasa wakati wa utulivu. Paulo aliwafundisha Waefeso kwamba Kristo ameubomoa ukuta wa uadui. Mzinga wa Liuli unatufundisha kwamba wanadamu wanaweza kuujenga upya kwa siku 9 tu.